Khabari za Mwana Kupona binti Mshamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zangu Waislamu, nimependa kukuelezeni khabari za bibi ambaye jina lake lajulikana pwani nzima, lakini maisha yake wayajuao ni wachache.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliosifika kwa ilimu na kwa waandishi wake wa misahafu. Bwana Mataka hakukubali kutawaliwa na Sayyid Said wa Unguja, na kwa ajili hiyo vita vilikuja Siyu. Basi bibi huyu alitunza nyumba na kulea watoto katika mji usiojua kesho italeta nini.

Mwaka wa 1856 Bwana Mataka akafariki, na Sayyid Said akafariki mwaka ule ule. Mwana Kupona akabaki mjane, kisha akashikwa na maradhi yasiyomwacha. Mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, hali ameugua mwaka mzima, alimwita binti yake Mwana Hashima aketi karibu naye, na alete wino na karatasi. Akamtungia wasia wa utendi wa beti 102, kwa lugha ya kwao na herufi za Kiarabu, uwe kwake kama hirizi.

Alianza na dini: faradhi na suna, adabu, na ulimi wa kweli. Akamtajia watano wa kuwatii: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Kisha akaingia nyumbani. Mume amtunze kama mtoto asiyejua kusema, aangalie kitokacho na kiingiacho, akilala asimwamshe, akiamka chakula kisichelewe, amnyoe, amfukize udi, atunge asumini atie kitandani. Tena nyumba yake haikukosa watumwa wa khuduma, kwani ndivyo yalivyokuwa majumba ya wakubwa zama zile. Lakini mambo haya hakuyaona kuwa duni. Aliyaweka pamoja na sala, kwa kuwa alitaraji malipo yake kwa Mola.

Hapa nina neno na wanaume wenzangu. Nimewasikia wengi, hata huku Kurasini, wakiushika utendi huu kama bakora: mtu arudi jioni kutoka bandarini, akute wali haujaiva, amtajie mkewe Mwana Kupona. Huyo amesoma nusu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema ya kuwa kupika na kufagia na kufua si wajibu wa mke kwa hukumu ya nikaha. Akifanya, ni wema wake. Na mtu aliyetendewa wema, wajibu wake ni kushukuru. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika khuduma ya watu wake, na wakti wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Basi mwanamume amshikaye mtoto mchanga ili mamake apate kusali, ni mfuasi wa suna, na asione haya mbele ya majirani.

Tena nusu ya pili: Mwana Kupona ameeleza alivyoishi na mumewe kwa furaha bila ya ugomvi, na jinsi Bwana Mataka alivyomtolea radhi hata siku ya kufa kwake. Mtawala yule, mwenye vita mlangoni, alikuwa na ulimi wa kumshukuru mkewe!

Mwishoni akageuka kwenye dua, nayo ni ndefu. Akawakabidhi wanawe kwa Mwenyezi Mungu, akawaombea jamaa zake na Waislamu wote, akajiombea na nafsi yake shifaa. Shifaa hiyo hakuandikiwa hapa duniani. Baadaye alifariki. Wanawake wa Lamu na Pate wakaunakili wasia ule na kuusoma kwa mabinti zao, hata mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakaupiga chapa Uingereza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona, na mumewe, na watoto wao. Amin.