Anna Sewell: Asiyeweza kutembea aliyewasemea farasi

NAKALA moja ya kitabu cha hadithi ya farasi iliuzwa kwa pauni 33,000 za Uingereza katika mnada wa Christie's jijini London, Juni 2006. Ilikuwa ya toleo la kwanza, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyemtunuku mama yake mzazi.

Mwandishi huyo, Anna Sewell, alilipwa na mchapishaji wake pauni zisizozidi 40, mara moja tu. Miezi mitano baada ya kitabu kutoka, alifariki dunia.

Kitabu hicho ni Black Beauty, kisa cha farasi mweusi anayesimulia maisha yake mwenyewe tangu akiwa mwana anayenyonya hadi uzeeni. Inakadiriwa kuwa nakala zaidi ya milioni 50 zimeuzwa duniani tangu mwaka 1877. Anna Sewell hakuandika riwaya nyingine yoyote.

Nchini Uingereza wapo watu wazima, wengi wao wanawake, wanaozikusanya upya hadithi za farasi wadogo, au poni, walizozisoma utotoni. Huzisaka katika maduka ya vitabu vikuukuu na kwenye minada, na nakala yenye jalada lake la karatasi la awali huthaminiwa kuliko ile iliyobaki na jalada la kitambaa pekee.

Wanayoyatafuta ni majina kama Joanna Cannan, aliyetoa A Pony for Jean mwaka 1936, na binti zake watatu, Josephine, Diana na Christine Pullein-Thompson, ambao walirithi kazi ya mama yao. Katika hadithi hizo msichana hupata poni, hujifunza kumpanda, huanguka, huinuka, na mwishoni aghalabu hushinda utepe katika mashindano ya kijijini. Ni vitabu vya furaha, na havina haja ya kuombewa radhi.

Lakini mkusanyaji anayeufuata ukoo wa hadithi hizo hadi shina lake humkuta Anna Sewell, na hapo hushtuka. Kitabu alichokikumbuka kama hadithi ya mnyama mzuri mwenye nyota nyeupe usoni, akikisoma tena akiwa mtu mzima, hukiona kuwa ni kitabu kinachohusu kazi, ujira, ulevi na umaskini wa mjini. Wala Anna hakukiandika kwa ajili ya watoto.

Alizaliwa Machi 30, 1820 katika mji wa bandari wa Great Yarmouth, mkoani Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Wazazi wake, Isaac na Mary, walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu ambalo huku Afrika Mashariki linajulikana zaidi kwa jina la Kanisa la Marafiki, lenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Mdogo wake pekee, Philip, alizaliwa mwaka 1822.

Biashara za baba hazikusimama, na familia ikawa ya kuhamahama. Mama aliwafundisha watoto nyumbani, na ili kupata fedha za kununulia vitabu vya masomo yao aliandika kijitabu cha watoto chenye maneno mepesi. Hivyo Anna alikua akiuona uandishi kama kazi ya jikoni, inayofanywa baina ya shughuli nyingine na yenye manufaa yanayoonekana.

Akiwa na umri wa miaka 14, wakati familia ikiishi Stoke Newington karibu na London, aliteleza na kuanguka akirejea kutoka shule, akaumia vifundo vya miguu yote miwili. Tiba ya zama zile haikumsaidia. Tangu siku hiyo hadi kifo chake hakuweza tena kusimama au kutembea kwa muda mrefu, na vipindi vya nafuu, hata baada ya safari za kwenda kwenye vituo vya tiba ya maji barani Ulaya, vilikuja na kuondoka.

Ikawa miguu yake ni ya farasi. Familia ilipohamia Lancing, katika pwani ya kusini, mwaka 1845, Anna ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake kituo cha reli na kumrudisha kwa kigari kidogo kilichokokotwa na poni. Waliowahi kupanda naye walisimulia kuwa alishika hatamu kwa ulegevu, hakuhitaji mjeledi, na njia nzima alizungumza na mnyama yule kama mtu anayezungumza na mwenzake wa safari.

Hilo ni jambo la kuzingatiwa. Watu wengi wa tabaka lake waliketi ndani ya gari, wakayaona mandhari na kusahau nani anayevuta. Anna aliketi mbele na hatamu mkononi. Mtu asiyeweza kutembea hatua nyingi bila maumivu hujua haraka mwenziwe anapotembea kwa maumivu.

Hakuolewa. Aliishi na wazazi wake maisha yake yote, na uhusiano wake na mama yake ulikuwa wa karibu mno. Mary Sewell alianza kutunga mashairi kwa ajili ya watu wa kawaida akiwa na umri wa karibu miaka 60, na utenzi wake Mother's Last Words wa mwaka 1860 uliuzwa zaidi ya nakala milioni. Binti yake ndiye aliyekuwa mhariri na mkosoaji wake, tena mkali. Leo anayekumbukwa ni mhariri.

Mwaka 1867 walihamia Old Catton, nje ya jiji la Norwich, ili wawe karibu na Philip aliyekuwa amefiwa na mkewe na kuachiwa watoto saba. Philip alikuwa na farasi jike mweusi aitwaye Bess, na inasemekana ndiye aliyempa Anna sura ya shujaa wake.

Mwaka 1871 afya yake ilidhoofika, na daktari akakadiria kuwa alikuwa amebakiza miezi 18 ya kuishi. Ndipo alipoanza kitabu. Aliishi miaka saba, sehemu kubwa akiwa amelala juu ya kochi. Kulipokuwa na nguvu aliandika kwa penseli katika vipande vya karatasi, na zilipokosekana alimtamkia mama yake, ambaye alikuwa akinakili kila kitu kwa mwandiko safi. Kulikuwa na miezi mingi ambayo hapakuandikwa hata neno. Kampuni ya Jarrold, iliyokuwa ikichapisha kazi za mama yake, ilikitoa Novemba 24, 1877.

Aliwakusudia wale wanaoishi na farasi: waendesha magari, masaisi wa kuwatunza na vijana wa mabandani. Sura zake ni fupi, zinazoweza kusomwa kwa dakika chache wakati mtu akisubiri abiria, na lugha yake ni nyepesi.

Kwa hiyo ndani yake mmejaa ujuzi wa kazi. Kijana Joe Green, kwa kutojua tu, anamnywesha maji baridi farasi aliyelowa jasho na kumwacha bila blanketi, nusura amuue. Reuben Smith, mtunzaji hodari anayeshindwa na pombe, anamkimbiza usiku farasi ambaye chuma cha kwato kimelegea. Mnyama anaanguka na kuchubuka magoti, na Reuben anakufa. Tangu hapo farasi yule mwenye makovu hafai tena kwa magari ya wakubwa, na thamani yake inashuka kila anapouzwa.

Kuna pia hatamu ya kuinulia kichwa, mtindo uliopendwa sana na matajiri. Ulikuwa mkanda uliotoka kwenye lijamu, yaani chuma cha mdomoni, hadi mgongoni, ukavutwa ili shingo ya farasi isimame kwa madaha. Farasi anayepandisha mlima huinamisha kichwa ili uzito wa mwili umsaidie kuvuta. Aliyefungwa mkanda ule hakuweza, na pumzi yake ilibanwa. Anna alikusudia kuonyesha kwamba madaha hayo ni mateso yanayolipiwa na mwenye gari ili apendeze barabarani.

Hata hivyo, sehemu nzito kuliko zote ni ile ya London. Shujaa wa kitabu ananunuliwa na Jerry Barker, mwendesha gari la abiria, teksi ya zama zile. Jerry anamiliki farasi wake, ana leseni ya siku sita na hataki kufanya kazi Jumapili. Pembeni yake wapo wengine wasio na gari wala farasi, ambao hukodi kutoka kwa tajiri.

Mmoja wao, Sam, analipa shilingi 18 kila siku kwa gari na farasi wawili kabla hajapata senti ya kuwapelekea watoto chakula. Msomaji wa mjini anayejua maana ya hesabu ya tajiri hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sam akilaumiwa kwa kuwachosha farasi, anajibu kwa hesabu zake, na mwandishi hamhukumu. Siku chache baadaye Sam anakufa. Jerry mwenyewe, aliye mwema kuliko wote, anaangushwa na ugonjwa wa kifua baada ya kungojea kwenye baridi matajiri waliokuwa wakicheza karata usiku wa kuamkia Mwaka Mpya.

Hapo ndipo anapotokea tena Ginger, farasi jike mwekundu aliyekuwa jirani wa bandani katika siku njema. Alikuwa mkali kwa sababu alianza maisha kwa kupigwa. Sasa amekonda, amekodishwa kwa watu wasiojali, na hana tena nguvu za kung'ata. Muda si mrefu mkokoteni uliobeba maiti ya farasi mwekundu unapita barabarani, na rafiki yake anatumaini kuwa ni yeye.

Mtoto hulia hapo kwa sababu farasi amekufa. Mtu mzima anayesoma tena hukwama kwenye tumaini lile, la rafiki kumtakia rafiki mauti. Hakuna kitabu cha utepe na mashindano kilichothubutu kufika huko, na huo ndio ubora wa Black Beauty juu ya vizazi vyake vyote.

Isingekuwa haki kudai kwamba Anna alianzisha peke yake vita hivyo. Sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ukatili kwa mifugo na farasi ilipitishwa mwaka 1822, akiwa na miaka miwili, na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikaundwa mwaka 1824. Edward Fordham Flower alikwisha kuandika dhidi ya hatamu hiyo mwaka 1875. Alichoongeza Anna ni kumpa mnyama sauti, na watu waliokuwa hawasomi vijitabu vya kampeni wakasikiliza.

Sauti hiyo ilifika mbali kwa njia isiyo ya kawaida. Nchini Marekani, George Angell, mwanzilishi wa chama cha kutetea wanyama cha Massachusetts, alikuwa akitafuta kitabu kitakachowafanyia farasi kile ambacho riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu Mjomba Tom iliwafanyia watumwa. Alipopata nakala mwaka 1890 aliichapa upya kwa bei ya chini na kuisambaza kwa waendesha magari na watunza farasi. Katika miaka miwili nakala zilifika milioni.

Hakulipa chochote Uingereza, kwani hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikuwalinda waandishi wa kigeni. Ulikuwa uporaji, ingawa ni vigumu kufikiri kwamba Anna angeukasirikia, maana vitabu viliingia mikononi mwa watu alewale aliowakusudia.

Kisha magari ya petroli yakaja na farasi wa teksi wakatoweka barabarani. Wasomaji wa mabandani walipokwisha, kitabu kikabaki kwa watoto, kikavishwa picha. Cecil Aldin alichora toleo la mwaka 1912, na Lucy Kemp-Welch lile la mwaka 1915, ambalo wakusanyaji wengi hulipenda. Kielelezo cha Kemp-Welch kilikuwa Black Prince, farasi wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Nakala safi za mwaka 1877 ni adimu, kwani nyingi zilisomwa hadi zikachakaa.

Anna Sewell alifariki Aprili 25, 1878, akiwa na umri wa miaka 58. Aliwahi kuona dalili za kwanza kwamba kitabu kinapendwa, basi. Inasimuliwa kuwa magari ya mazishi yalipofika nyumbani, mama yake alitazama dirishani akaona farasi wamefungwa hatamu za kuinulia vichwa. Alitoka na kuamuru zifunguliwe zote kabla jeneza halijaondoka.

Alizikwa katika makaburi ya Waquaker kijijini Lammas, kaskazini mwa Norwich. Baba yake alimfuata mwaka huohuo, na mama yake mwaka 1884. Kiwanja hicho kiliacha kuwa makaburi katika miaka ya 1980, na jiwe la kaburi la Anna likapachikwa kwenye ukuta, mbele ya jengo la zamani la ibada, kando ya barabara.