Jon Postel: Mtunza daftari la intaneti aliyeshika amana ya ulimwengu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Intaneti, ambayo leo ni mali ya mabilioni ya watu, ilikuwa na daftari tangu siku zake za awali. Kwa karibu miaka 30, mtunzaji wa daftari hilo alikuwa mtu mmoja: Jonathan Bruce Postel, Mmarekani aliyejulikana na wengi kama Jon Postel.

Postel aliaga dunia Oktoba 16, 1998 jijini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 55, kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Kifo chake kilitokea wiki mbili tu baada ya kusajiliwa kwa ICANN, shirika alilosaidia kuliasisi ili lipokee kazi yake. Swali lililomsumbua katika miaka yake ya mwisho ndilo ambalo serikali nyingi ziliendelea kulivutania baada yake: ni nani mwenye mamlaka juu ya majina ya intaneti?

Alizaliwa Agosti 6, 1943 mjini Altadena, jimbo la California. Alisoma katika shule ya upili ya Van Nuys, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikopata shahada ya uhandisi mwaka 1966, uzamili mwaka 1968 na uzamifu katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Ni katika chuo hicho ndipo bahati ilipomkuta. Mwaka 1969, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa ikifadhili mtandao wa majaribio ulioitwa ARPANET, na chuo hicho kikachaguliwa kuwa kituo chake cha kwanza. Postel alikuwa miongoni mwa wanafunzi wachache waliopewa jukumu la kuzifanya kompyuta za aina mbalimbali zielewane. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Oktoba 29 mwaka huo.

Wanafunzi hao walianza kuandika mapendekezo yao katika nyaraka zilizoitwa RFC. Postel alijitwika kazi ya kuzihariri, na hakuitua hadi kufa kwake. Aidha, alianza kuweka orodha ya nambari zote zilizotumiwa mtandaoni, ili pasiwe na wawili wanaodai nambari moja. Ilikuwa kazi ya ukarani, isiyo na sifa wala marupurupu, lakini bila hiyo ujumbe usingejua uendako. Baadaye orodha hiyo na shughuli zake zilipewa jina la IANA.

Mnamo 1977 Postel alihamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey. Akiwa huko alihariri nyaraka za mwaka 1981 zilizoweka itifaki za TCP na IP, ambazo hadi leo ndizo nguzo za intaneti. Mwaka uliofuata aliandika waraka ulioweka kanuni za kusafirisha barua pepe.

Wakati huo majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja, na kila kituo kililazimika kuinakili. Mtandao ulipopanuka, mtindo huo ulielemewa. Postel alimkabidhi mwenzake Paul Mockapetris kazi ya kutafuta suluhisho, na mwaka 1983 ukazaliwa mfumo wa majina ya vikoa. Chini ya mfumo huo, kila jina hutundikwa chini ya jingine mithili ya matawi ya mti, na juu kabisa hukaa viishio kama .com na .org pamoja na vile vya mataifa.

Mwaka 1984, Postel na Joyce Reynolds walitoa waraka ulioeleza jinsi viishio hivyo vingegawanywa. Kwa mataifa, waliamua kutumia orodha ya herufi mbili mbili iliyokwisha kutayarishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyoonekana. Kwa kuifuata orodha ya wengine, Postel aliepuka mtego wa kuamua eneo gani ni taifa na lipi si taifa, mzozo ambao ungeweza kuusambaratisha mtandao ungali mchanga.

Katika waraka mwingine wa mwaka 1994, alisisitiza kwamba anayesimamia kiishio cha taifa si mmiliki bali ni mdhamini. Ameshika amana ya watu wa taifa hilo na ya watumiaji wa intaneti ulimwenguni, na wajibu wake ni kuwahudumia wote kwa usawa.

Kenya yenyewe ilipata kiishio cha .ke mwaka 1993, daftari likiwa lingali mikononi mwa Postel.

Hata hivyo, amana huwa rahisi kutunzwa pesa zisipokuwepo. Mwaka 1993 kampuni ya Network Solutions ilipewa kandarasi ya kusajili majina ya .com, na kuanzia Septemba 1995 ikaruhusiwa kutoza dola 100 kwa kila jina kwa miaka miwili. Biashara zilikuwa zikimiminika mtandaoni, na kampuni moja ikajikuta imeketi peke yake kwenye lango. Malalamiko yakatanda.

Mwaka 1996 Postel alipendekeza viishio vipya vianzishwe ili kuleta ushindani. Kamati iliyoundwa baadaye ilishirikisha Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano na shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa. Mei 1997 mkataba ulitiwa sahihi Geneva, ukipendekeza viishio saba vipya na kuyahamishia Uswisi sehemu ya mamlaka hayo. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imegharimia mtandao huo tangu mwanzo, haikuafiki.

Mvutano ulifikia kilele Januari 28, 1998. Siku hiyo Postel aliwaandikia waendeshaji wa seva kuu nane, kati ya 12 zilizokuwa zikinakili orodha ya majina kutoka kwa Network Solutions, akiwaomba wainakili kutoka kwa IANA badala yake. Wote wanane walitii. Watumiaji wa kawaida hawakuhisi lolote, lakini Washington ilishtuka. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, alimtaka arejeshe mambo yalivyokuwa. Postel alirejesha, akieleza kwamba yalikuwa majaribio tu.

Wapo waliokiona kitendo hicho kama uasi. Wengine walikiona kama ukumbusho kwamba mtandao ulisimama kwa hiari ya walioujenga, si kwa amri ya serikali. Lakini mgala muue na haki umpe: serikali nayo ilikuwa na hoja. Hakuna sheria iliyompa Postel uwezo huo, wala uchaguzi uliomweka pale. Alichokuwa nacho ni kuaminiwa tu, na imani ya watu kwa mtu mmoja hairithiwi.

Yeye mwenyewe alilitambua hilo. Baada ya Marekani kutangaza sera yake Juni 1998, alitumia miezi yake ya mwisho kuandaa kanuni za shirika jipya. ICANN ilisajiliwa California Septemba 30. Novemba mwaka huo ilipotia sahihi maafikiano na Wizara ya Biashara ya Marekani, Postel alikuwa amekwisha kuaga dunia.

Marekani ilibaki na usemi wa mwisho kwa miaka mingine 18. Katika kongamano la Tunis mwaka 2005, mataifa mengi yalidai mamlaka hayo yawe ya kimataifa, lakini yakaambulia jukwaa la mashauriano tu, ambalo lilikutana Nairobi Septemba 2011. Ilikuwa Oktoba 1, 2016 ndipo kandarasi ya Marekani ilipokoma na ICANN kujitegemea.

Kwa Kenya, mabadiliko yalianza mapema. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa miaka kadhaa shughuli za kiufundi za .ke zilitegemea mtaalamu aliyeishi Marekani. Mwishoni mwa 2002 ICANN iliidhinisha kiishio hicho kikabidhiwe KENIC, taasisi ya humu nchini inayowashirikisha serikali, wafanyabiashara na wasomi.

Wakenya wanaosajili majina yao huko leo wanahudumiwa chini ya kanuni ile ile ya 1994: kwamba anayeishika .ke ameshika amana yao, na wana haki ya kumtaka awaonyeshe daftari.