Bwana Bowman na Utando wa Msingi

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufahamisha mwanzo wa binadamu: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama. Nilikuwa mtoto wa maswali, na swali moja halikuniacha: pande hilo lajuaje wapi pawe figo na wapi pawe jicho? Miaka mingi baadaye, katika kusoma habari za watu wa zamani, nilikutana na tabibu mmoja Mwingereza aliyeligusa jawabu asijue kwamba ameligusa.

William Bowman alizaliwa mwaka 1816 mjini Nantwich. Baba yake alikuwa mtu wa benki aliyependa sana elimu ya mimea. Husimuliwa kwamba utotoni baruti ilimlipukia, na kule kutibiwa ndiko kulikomtia hamu ya utabibu. Alijifunza kazi hospitalini Birmingham, na mwaka 1837 akaingia King's College, London, chini ya Robert Bentley Todd.

Huko ndiko alikoiinamia hadubini. Alitia rangi katika mishipa ya damu ya figo, akaifuata ilikokwenda. Malpighi, Mtaliano, alikwisha kuviona vifundo vya mishipa ndani ya figo tangu karne ya 17, lakini vinavyoungana na mirija ya mkojo ilikuwa fumbo. Bowman alionyesha kuwa kila kifundo kimekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija. Hayo aliyatangaza mwaka 1842, hajatimiza miaka 26, akatunukiwa nishani ya Royal Society. Kikombe kile huitwa kwa jina lake hadi leo.

Katika maandishi hayo alieleza kuwa seli za mrija zimekalia utando mwembamba mno, akauita utando wa msingi. Jina zuri, mimi niliyezeeka katika kazi ya maneno namhusudu. Lakini aliuona mtupu, kama mkeka uliotandikwa watu wakaukalia. Simlaumu. Tando 3,000 hivi za kifundo cha figo, zikipandishwa moja juu ya moja, ndizo zifikazo milimita moja.

Kisha akaiacha figo, akawa tabibu mashuhuri wa macho katika hospitali ya Moorfields. Mwaka 1884 Malkia Victoria alimpa cheo cha kurithiwa, na mwaka 1892 akafariki.

Utando wake ukangoja. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani walichukua tezi ya mate ya kijusi cha panya, ambayo huchipua matawi kama mti, wakauondoa utando wake. Matawi yakafutika. Tezi ilipojitandikia utando mpya, ikachipua tena! Mwaka 1979 ikatangazwa protini yake moja kubwa, laminini, mwenzake wa kolajeni ya aina ya nne. Kwa kushikamana na laminini, seli za figo changa hujua wapi chini na wapi juu, zikajipanga kuwa mrija. Kumbe mkeka ndio uwapangao wakaao.

Tena mkeka wenyewe hubadilishwa. Figo inapokomaa, kolajeni ya uchangani hupisha nyingine iliyo imara zaidi. Wako watoto, hasa wa kiume, ambao kwa kasoro ya urithi mabadiliko hayo hayatimii. Daktari Alport aliandika habari za ukoo mmoja wa namna hiyo mwaka 1927. Mtoto huzaliwa na figo ifanyayo kazi, lakini ule utando wa kitoto huchakaa taratibu. Huanza damu katika mkojo, hufuata uziwi, na mwishowe figo hushindwa.

Kwetu pwani mtoto akikojoa damu husemwa ni kichocho, na mara nyingi ni kichocho kweli. Lakini aliyetibiwa kichocho na damu isikome, tena katika ukoo wenye viziwi na wagonjwa wa figo, huyo apelekwe apimwe figo mapema, maana ziko dawa za kuchelewesha uharibifu.

Maradhi hayo hayaishii hapo. Huiharibu hata lenzi ya jicho, kwa kuwa kifuko cha lenzi kimefumwa kwa kolajeni ile ile ya figo. Bowman alitoka kwenye figo akaenda kwenye jicho kama mtu aliyehama mji, na kote kuwili alikuwa juu ya mkeka mmoja.