George Wald, Mtu Aliyetufumbua Macho

Mwaka jana nyanya yangu alianza kumimina chai nje ya kikombe. Eti ukungu umemfunika macho. Mchuuzi mmoja akamwuzia vidonge vya vitamini vya macho. Nyanya akameza miezi mitano, pesa za kuku zikaisha, na ukungu ukabaki pale pale. Basi nikataka kujua vitamini na macho vilianza kujuana lini. Mwalimu wa biolojia akanipa jina moja tu: George Wald.

Bwana huyu alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Novemba 1906, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1932, kisha akavuka bahari hadi Berlin, Ujerumani, katika maabara ya Otto Warburg. Huko akagundua vitamini A ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ilikwisha kujulikana kuwa anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri gizani. Wald ndiye aliyetuonyesha sababu. Lakini mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Ujerumani haikuwa tena mahali pa Myahudi kukaa. Wald akarudi kwao, na mwaka 1934 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard, alikofundisha kwa miaka mingi.

Mwaka 1945 aliandika kwamba rangi ya manjano iliyo katikati ya retina ni ya jamii ile ile inayopatikana katika majani mabichi. Kumbe sukuma wiki tunayoinung'unikia bwaloni ina siri yake! Mwaka 1967 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline. Alifariki tarehe 12 Aprili 1997, akiwa na miaka 90.

Je, vidonge ni uongo? La. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vitamini C na E, betakarotini na zinki, kwa pamoja, hupunguza kwa takriban robo hatari ya ugonjwa kuzidi kwa wazee ambao retina yao imekwisha kuanza kuchakaa. Ule wa mwaka 2013 ukaweka lutini na zeaksanthini mahali pa betakarotini, maana hiyo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Lakini mtoto wa jicho havikumzuia.

Na nyanya alikuwa na mtoto wa jicho! Tulimpeleka hospitalini, akapasuliwa, na sasa ananitambua nikiwa bado langoni.

Ndugu msomaji, Wald alichungulia ndani ya jicho kwanza, ndipo akasema. Nasi tumpeleke mzee kupimwa kwanza, ndipo tununue dawa. Haraka haraka haina baraka.