Isidore Bakanja, Mtumishi wa Ikili

Yapata mwaka 1885, katika nchi ya Wamongo huko Ekwateri, alizaliwa mtoto katika kijiji cha Bokendela, akaitwa Bakanja. Alipopata nguvu za ujana alitoka kwao kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa siku zile, akafika Mbandaka, mji ambao Wazungu waliuita Coquilhatville. Huko aliwasaidia waashi wa serikali, na huko alikutana na mapadri Watrapisti. Akaingia katika mafundisho, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 kwa jina la Isidore. Siku ya ubatizo alivikwa skapulari, vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, alama ya mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Mkristo mpya alijulikana kwa skapulari na rozari, na Bakanja hakuviacha tena.

Mapatano yake ya kazi yalipokwisha, alirudi kwao kwa muda, kisha akaenda kwenye mto Busira. Hapo aliajiriwa kuwa boi wa Mzungu mmoja, jina lake Reynders, wakili wa kampuni ya Wabelgiji iliyofanya biashara ya mpira na pembe za ndovu. Reynders alipopelekwa kufanya kazi Ikili, alimchukua na boi wake.

Mkubwa wa kituo cha Ikili alikuwa Van Cauter, ambaye watu walimwita Longange. Mtu huyo aliwachukia mapadri. Na sababu yake yaeleweka: mapadri walikuwa wakiwaambia watu kwamba mfanyakazi naye ni mtoto wa Mungu, tena walilalamika juu ya ukatili uliofanywa kwa ajili ya mpira. Longange aliona kwamba watu wakijifunza sala, siku moja hawatamwogopa tena, wala hawatafanya kazi kama atakavyo yeye. Bakanja alikuwa akiwafundisha wenzake sala baada ya kazi. Longange alimkataza, akamdhihaki mbele ya watumishi wengine kuwa ni mtu wa mapadri, akamwamuru avue skapulari.

Bakanja aliendelea kufanya kazi yake vema, kwa heshima na bila uvivu, hata asiweze kushitakiwa kosa lolote la kazi. Lakini skapulari hakuivua. Longange alipoiona tena akaamuru apigwe viboko 25. Ndipo Bakanja akaomba ruhusa ya kuacha kazi na kurudi kwao. Hakuna aibu kuondoka mahali pa kuonewa, naye alitaka kuondoka kwa njia iliyo wazi, maana siku zile mfanyakazi aliyetoroka aliweza kukamatwa na kuadhibiwa. Alinyimwa ruhusa. Basi akabaki Ikili, chini ya mtu yule yule.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1909, Longange alimwita. Alimshika, akaikata skapulari shingoni mwake, akamtupia mbwa. Kisha akaleta kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari. Watumishi wawili waliamriwa kumshika Bakanja mikono na miguu, na wa tatu akaamriwa kupiga. Huyo wa tatu alipoona misumari alikataa, lakini alitishwa mpaka akapiga. Mwonevu akipata mamlaka hapigi kwa mkono wake mwenyewe tu; huifanya mikono ya wenzako iwe mikono yake, ili kila mmoja awe na hofu na kila mmoja awe na hatia. Naye Reynders, aliyemjua boi wake kuwa mtumishi mwema, hakumwokoa. Mapigo yalipita mia, na mashahidi wengine walisema yalipita mia mbili. Ngozi ya mgongo ilipasuka, nyama ikaonekana, na mahali pengine mifupa.

Hayo hayakumtosha Longange. Alimfunga Bakanja minyororo miguuni, akamfungia katika nyumba ya kukaushia mpira. Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi wa kampuni, Mjerumani aliyeitwa Dörpinghaus, yuko njiani kuja Ikili. Sasa Longange aliogopa. Akaamuru yule mgonjwa aondolewe, aende kijiji kingine, mkaguzi asimwone. Bakanja hakuweza kutembea mbali. Alijificha msituni kando ya njia, akangoja.

Mkaguzi alipofika, mtu alitoka kichakani akijikokota kwa fimbo mbili, mgongo wake umeoza na kujaa nzi. Bakanja alimwonyesha majeraha yake na kumweleza yote yaliyotendeka. Dörpinghaus alishangaa sana kwa hofu. Longange alitaka kumrukia mgonjwa, lakini mkaguzi alimzuia, akamchukua Bakanja katika mashua yake ili atibiwe.

Dawa zilikuwa zimechelewa. Sumu ya vidonda ilikuwa imeingia katika damu. Bakanja alikaa miezi katika maumivu, naye alijua kwamba hataishi. Aliwaagiza waliomtunza wapeleke habari kwa watu watatu: mama yake, padri, na hakimu, wakimpata mmoja wao. Wote waambiwe kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristo. Alimtaja hata hakimu. Hakutaka jambo lile lizikwe pamoja naye.

Mwishoni mwa Julai 1909 mapadri wawili walimfikia, wakasikia maungamo yake, wakampa Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Walimwuliza habari za mapigo, naye akawaeleza tena bila kuficha kitu. Walipomwomba amsamehe yule aliyempiga, walikuta amekwisha kumsamehe. Aliahidi kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Wapo wanaodhani kwamba kusamehe ni kunyamaza, na wapo wanaodhani kwamba anayeshitaki hawezi kusamehe. Kitandani pa Bakanja mambo hayo mawili yalikaa pamoja: alimtaja Longange kwa jina lake, akaliombea jina lile lile.

Jumapili tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Wakristo wa mahali pale walikusanyika kusali. Bakanja, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama, aliinuka, akatembea katika shamba la migomba, rozari mkononi. Akarudi, akala kidogo, akalala, akafa. Umri wake ulikuwa miaka kama 24. Alizikwa na rozari mkononi na skapulari shingoni.

Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishiwa katika kanisa la misioni ya Bokote. Wenzake waliomwona akipigwa waliulizwa, na ushuhuda wao ukaandikwa. Tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika Roma kwa Sinodi, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Isidore Bakanja kuwa Mwenye Heri.