Mina Shaughnessy: Mwalimu Aliyeyasoma Makosa

Aghalabu mhadhiri akutanapo na insha iliyojaa makosa huishika kalamu nyekundu kabla hajajiuliza kosa limetoka wapi. Mina Shaughnessy aliuliza swali hilo, na jibu lake likaathiri ufundishaji wa uandishi vyuoni Marekani.

Shaughnessy alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Lead, South Dakota, penye machimbo ya dhahabu. Baada ya masomo katika vyuo vikuu vya Northwestern na Columbia, alianza kufundisha City College, New York, mwaka 1967. Chuo hicho cha umma kiko Harlem, mtaa uliokuwa hasa wa watu weusi, ilhali wengi wa wanafunzi wake wakati huo walikuwa Wazungu. Mnamo Aprili 1969, wanafunzi weusi na wenzao wenye asili ya Puerto Rico waliteka sehemu ya chuo wakidai nafasi zaidi. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho City College ni sehemu yake, kiliwafungulia milango wahitimu wote wa shule za sekondari za jiji.

Hapo mjadala ukapamba moto. Baadhi ya wahadhiri walilalamika kwamba hadhi ya chuo ilikuwa ikiporomoka. Wengine walishikilia kuwa kumlazimisha mwanafunzi aiache lahaja yake ni dhuluma. Mwaka 1974 chama cha walimu wa uandishi vyuoni kilipitisha azimio la kuitetea haki hiyo.

Shaughnessy alizigeukia insha zenyewe. Alichambua takribani insha 4,000 za majaribio zilizoandikwa kati ya 1970 na 1974, akabaini kuwa makosa yana mantiki. Mwanafunzi aliyedondosha kiambishi cha wakati uliopita aliweza kuwa anafuata kanuni za lahaja ya kwao. Aliyepotea katikati ya sentensi ndefu alikuwa akijaribu mtindo wa kitaaluma asiouzoea. Matokeo aliyachapisha mwaka 1977 katika kitabu Errors and Expectations. Hakuitupa lugha sanifu. Alitaka ifundishwe, ila mwalimu naye abebe mzigo wa kujifunza namna mwanafunzi anavyofikiri.

Mwaka 1976, jiji likiwa katika dhiki ya fedha, chuo kikuu kilianza kutoza karo na walimu wengi wakapoteza kazi. Shaughnessy alifariki Novemba 1978, akiwa na umri wa miaka 54.

Wahakiki waliomfuata walimlaumu kwa kuikubali lugha sanifu bila kuhoji ni nani aliyeiteua na kwa manufaa ya nani. Hoja hiyo ni nzito, nasi wanafunzi wa Kiswahili twaifahamu vyema, kwa kuwa usanifishaji wetu ulikitwa katika Kiunguja. Mwanafunzi wa Mombasa aandikapo "ndia" badala ya "njia", hajakosa sarufi. Amefuata sarufi ya Kimvita. Mtihani utamwadhibu hata hivyo. Kumficha usanifu ni kumfungia mlango. Kumwambia kuwa hajui lugha ni kumdhulumu. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema. Shaughnessy alituachia wajibu wa kutambua kwanza kama mwandishi ameteleza, au anapita njia nyingine.