William Wilson, Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Katika vilima vya Buha, toka Kasulu hata Kibondo, pombe si mgeni. Pombe ya ndizi huletwa arusini, huletwa matangani, tena aliyemsaidia jirani kulima hukaribishwa kunywa. Basi mtu akishikwa na ulevi, kisha akataka kuuacha, amwendee nani? Wanywaji wamwita, na wasiokunywa wamkimbia. Kwa ajili ya mtu huyo twaleta habari za Bwana William Wilson wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Wazazi wake waliachana angali mtoto, akalelewa na babu na bibi yake, wazazi wa mama. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia Wamarekani, mwaka 1917, akawa afisa wa jeshi, na katika karamu moja akapewa kileo. Alikuwa mwenye haya nyingi mbele za watu, na kile kileo kikamwondolea haya. Hivyo ndivyo mtego ulivyomnasa. Mwaka 1918 akamwoa Bibi Lois Burnham, kisha akaenda Ufaransa vitani.

Aliporudi akafanya biashara ya hisa mjini New York, akapata fedha nyingi. Mwaka 1929 bei za hisa zikaanguka, naye akaanguka pamoja nazo. Lakini pombe haikumwacha ainuke. Bibi Lois akafanya kazi dukani ili wapate riziki. Mumewe aliapa mara nyingi kwamba ataacha, hata akaviandika viapo vyake katika Biblia ya nyumbani, na kila kiapo kikavunjika. Akalazwa katika hospitali ya Towns, ambako Daktari William Silkworth alimfundisha kwamba ulevi wa namna yake si ubaya wa tabia tu, bali ni ugonjwa, na kwamba glasi ya kwanza ndiyo imfungayo mgonjwa.

Mwezi wa Novemba 1934 akajiwa na rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, mlevi kama yeye. Lakini siku ile rafiki alikuwa hanywi. Alikuwa amesaidiwa na Oxford Group, ushirika wa Wakristo waliokutana majumbani na kuungama makosa yao, ulioanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri. Mwezi uliofuata Bwana Wilson akarudi hospitalini mara ya mwisho, akamlilia Mungu katika unyonge wake. Akatoka, wala hakunywa tena mpaka kufa kwake.

Miezi mitano aliwafuata walevi wengine akiwahubiri, wala hakuna hata mmoja aliyeacha. Hata mwezi wa Mei 1935 akaenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa biashara. Biashara ikaharibika, akabaki peke yake hotelini na fedha kidogo. Upande mmoja palikuwa na baa na vicheko vya watu. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akafahamu kwamba akikosa mlevi wa kuzungumza naye, atakunywa. Akampigia simu padre mmoja, Walter Tunks, naye akampa majina. Akayafuata moja baada ya jingine, hata akampata Bibi Henrietta Seiberling, aliyemjua daktari mmoja mlevi, Robert Smith.

Wakaonana siku ya pili, tarehe 12 Mei. Daktari alikusudia kukaa robo saa tu, maana alikuwa amechoshwa na mawaidha. Lakini mgeni hakumhubiri; alimsimulia maanguko yake mwenyewe. Wakaketi hata usiku. Daktari alianguka mara moja tena, kisha tarehe 10 Juni akanywa mara ya mwisho. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotangazwa majina. Ada hapana, sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Mwaka 1951 Bibi Lois naye alisaidia kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi.

Bwana Wilson hakuwa malaika. Tumbaku iliyaharibu mapafu yake, akafa tarehe 24 Januari 1971. Lakini heshima hakuitafuta. Alikataa hata shahada aliyotaka kupewa na chuo kikuu cha Yale.

Leo vikundi hivyo viko katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania pia. Lakini mtu wa Kasulu au Kibondo asiye na kikundi karibu asingoje. Amwendee mchungaji, mzee wa kanisa, au daktari, aombe kujulishwa mwenzake aliyeacha pombe au atakaye kuacha. Wawili wakipatana siku moja ya juma na mahali pa faragha, kikundi kimezaliwa. Ila aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula nyumbani peke yake, maana aweza kupatwa na kifafa, hata kufa. Aende kwanza hospitali.

Na sisi tusiokunywa tuko mahali pa padre yule wa Akron. Hakuombwa kuponya mtu. Aliombwa majina tu. Je, mlevi akibisha mlangoni petu leo, tunalo jina la kumpa?